Wayo wa Dada Yangu

Doa lilikuwa kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, upande wa chini, na kwa muda mrefu hakuna aliyeliona. Nani hutazama wayo wa mtu mzima? Dada yangu alilijua kwa kulikanyaga. Alisema ni mwiba ulioingia wakati wa palizi ukavunjikia ndani.

Yeye ni kifungua mimba wa mama yetu, mimi ni kitinda mimba. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na dada alikuwa ameshaolewa Matulo, huku karibu na Webuye. Baada ya mazishi alifunga nguo zangu kwenye leso, akanishika mkono, tukaenda kwake. Mumewe hakuuliza nitakaa hadi lini. Nilikulia pale, nikasomea pale, na ni dada aliyeuza ndama wake wa pekee ili niende chuo cha kilimo. Sasa mimi ni mtu wa Kitale. Nina mke na watoto, na kazi yangu ni kwenye mashamba ya kujaribia mbegu za mahindi. Dada alibaki Matulo. Mumewe ametangulia, watoto wake wako mbali kwa ajili ya kazi, na yeye ana shamba, ng'ombe wawili na kwaya ya akina mama.

Nilikwenda kumwona Pasaka moja nikamkuta anatembea kwa vidole upande mmoja. Nikamwuliza. Akasema kwenye zahanati wameshapasua mara mbili kutafuta mwiba hawakuupata, wakampa dawa ya kupaka. Jirani naye alimwambia ni funza. Nikamwambia anionyeshe. Akakataa, akasema ndugu wa kiume hawezi kushika mguu wa dada yake kama mtoto. Tulibishana kidogo, kisha akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akavua sandak yake ya plastiki, akageuza uso kando.

Haukuwa mwiba. Lilikuwa doa jeusi kuliko ngozi yake, kama wino uliomwagika ukasambaa bila mpango, na upande mmoja ulikuwa umeinuka, una majimaji. Nilimwosha mguu kwa maji ya uvuguvugu. Nilipomaliza nikamwambia kesho tunaenda Bungoma.

Daktari tuliyempata Bungoma alikuwa kijana, amemaliza masomo si zamani. Aliinama akatazama wayo ule kwa muda, akaweka rula kando ya doa, akapiga picha, kisha akamwuliza dada kama limekuwa likibadilika. Dada akasema linakua kama deni. Daktari hakucheka. Alikata kipande kidogo cha nyama akakipeleka maabara, na majibu yalipokuja alitupigia simu twende sisi wenyewe.

"Mama, hii ni saratani ya ngozi," alisema. "Inaitwa melanoma."

Dada alimwambia kwamba hiyo ni ya wazungu, na ya watu wenye ualbino, kwa sababu ya jua. Daktari akatueleza taratibu. Alisema iko aina moja ambayo haihusiani na jua kabisa, na kwa watu weusi hupenda kujificha mahali ambapo ngozi yetu haina rangi nyingi: chini ya mguu, kwenye kiganja, chini ya ukucha. Kwa kuwa iko mahali pa miba na vidonda, watu huitibu kama mwiba na kidonda mpaka wakati unapotea. Alisema hayo bila kumlaumu mtu. Dada alitazama mikono yake, viganja na kucha, kimoja baada ya kingine.

Alifanyiwa upasuaji kwenye hospitali ya rufaa. Walikata kipande kikubwa cha kisigino na kuziba pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani. Akaja kwangu Kitale kupona. Mke wangu alimpa chumba cha watoto, na kwa miezi kadhaa tuliishi hivyo, yeye akipika akiwa ameketi kwenye stuli, mguu juu ya stuli nyingine, akituelekeza sote kama kwaya. Alijifunza kutembea na bakora, kisha bila bakora. Tulipomrudisha Matulo majirani walichinja kuku. Mimi nilifikiri hadithi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kabla ya mwaka kupita alipata mtoki, uvimbe mgumu kwenye kinena cha mguu uleule, na skani ikaonyesha madoa madogo kwenye mapafu. Daktari wa upasuaji alituambia kwamba hapa kisu hakisaidii. Zipo dawa, alisema, ambazo hazipigani na saratani zenyewe, bali huamsha kinga ya mwili ili ipigane. Akataja bei. Hata tungeuza shamba na ng'ombe wote wawili, isingefika.

Kisha akasema, kama mtu anayefikiria kwa sauti, "Tafuta utafiti. Kuna tafiti za dawa zinazochukua wagonjwa. Mkikubaliwa, dawa ni ya bure na mtaangaliwa kwa karibu. Lakini siwaahidi kitu. Si kila mtu hukubaliwa, na si kila dawa hufanya kazi."

Nilidhani kutafuta utafiti ni kama kutafuta ofisi ya serikali: unaulizia, unaelekezwa, unapanga foleni. Sivyo. Nilianza na kompyuta ya kazini, jioni wenzangu wakishaondoka. Kuna sajili kwenye mtandao ambamo tafiti za tiba huandikwa, na unaweza kuandika jina la ugonjwa na jina la nchi. Nilipoandika melanoma peke yake zilitokea nyingi sana, kurasa kwa kurasa, za Ulaya, Marekani, Australia. Nilipoongeza Kenya zilibaki za kuhesabika kwa vidole. Nikazisoma moja moja. Mmoja ulikuwa umefungwa, umeshapata watu wake. Mwingine ulitaka wagonjwa ambao saratani yao ina badiliko fulani la vinasaba, na ya dada haikuwa nalo. Mwingine ulisema unaandikisha, nikaandika barua pepe nzuri, nikaisoma mara kadhaa kabla ya kuituma, na jibu likaja kwa adabu kwamba walisitisha kuandikisha na hawajui watafungua lini.

Huko kutafuta kuna uchovu wake. Kila utafiti una masharti, nani anaingia na nani haingii, na mimi nilijikuta nikiyasoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Aliyefanyiwa upasuaji muda mrefu uliopita, haingii. Mwenye ugonjwa mwingine mkubwa, haingii. Nilianza kumpima dada yangu kwa masharti ya watu wasiomjua, na nikawa nakasirika kwa niaba yake.

Katikati ya hayo niliona tangazo kwenye Facebook la mtu mmoja aliyesema anafanya utafiti wa dawa za mitishamba za saratani, yuko Kitale hapahapa, nafasi chache zimebaki, alipwe ada ya usajili. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kuamini. Nilimpigia simu yule daktari kijana wa Bungoma nimwulize tu. Akaniambia utafiti wa kweli haumuuzii mgonjwa nafasi. "Ukiitishwa pesa ya kuingia, toka," alisema. Kisha akaniuliza hali ya dada, nikamweleza yote, mpaka yale ya mtoki. Akasema ataulizia kwa watu aliosoma nao.

Alikumbuka. Baada ya siku kadhaa alinipigia akiwa na nambari ya simu ya hospitali moja Nairobi ambako kulikuwa na utafiti unaoandikisha wagonjwa wa melanoma iliyosambaa. Muuguzi aliyeratibu utafiti ndiye aliyepokea. Aliniuliza umri wa dada, lini alifanyiwa upasuaji, kama ana kisukari au ugonjwa wa moyo, kama anaweza kujipikia na kutembea mwenyewe. Nilijibu haraka haraka, hana, hana, ndiyo, anaweza. Akaniacha nimalize.

"Sawa baba," alisema. "Sasa naomba kuongea na mama mwenyewe. Mwili ni wake."

Ilibidi niende Matulo. Na kule Matulo ilibidi kwanza tukae kikao, kwa sababu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesikia. Shemeji huyu ni mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima, na wakati wote wa ugonjwa hakuwahi kukosa kumlimia dada shamba. Alizungumza kwa utulivu. Alisema familia haiwezi kumtoa mtu wake akapimiwe dawa kama panya. Kama Mungu ameandika atapona, atapona nyumbani. Kama ameandika vingine, basi awe kwenye kitanda chake, na watu wake wamezunguka. Mimi nilijibu vibaya, kwa maneno ya kisomo, nikitaja kinga ya mwili na sajili za mtandao, na nikaona nyuso zikikunjamana.

Dada alikuwa anapukuchua mahindi. Alituacha tukazungumza mpaka tukaishiwa.

"Nyinyi wote mmeongea juu ya mguu yangu," alisema, "na hakuna mtu ameniuliza kama inauma. Inauma. Nitaenda Nairobi niwasikie. Kusikia si kukubali."

Shemeji alisema kama ni kusikia tu, hana neno.

Daktari wa utafiti alikuwa mwanamke, umri wa binti wa dada. Alituweka kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ukuta, akazima simu yake mbele yetu, na akatumia asubuhi nzima. Alieleza kwamba kila atakayeingia atapewa dawa ile ya kuamsha kinga, ambayo tayari inajulikana inasaidia baadhi ya watu. Nusu yao wataongezewa dawa mpya ambayo haijajulikana kama inaongeza faida au inaongeza madhara tu. Nani atapata ipi, kompyuta ndiyo itachagua, kama kutupa sarafu. Yeye hachagui, muuguzi hachagui, mgonjwa hachagui. Dada akamwuliza kwa nini wasiwape wote ile mpya. Daktari akasema kwa sababu hawajui kama ni bora. Kama angejua, alisema, asingekuwa na haja ya utafiti, angempa tu.

Dada akanigeukia. "Ni kama mahindi yako?"

Nikamwambia ni kama mahindi yangu. Sisi hupanda mbegu mpya kando ya ile ya zamani inayojulikana, udongo mmoja, mbolea moja, na hatuamui kwa macho mstari upi ukae wapi.

"Lakini wewe hujawahi kuuliza mahindi," alisema.

"Ndiyo maana mimi nakuuliza, mama," daktari akasema.

Dada aliuliza mengi ambayo mimi sikuyafikiria. Damu yake itapelekwa wapi. Akichoka katikati ataruhusiwa kutoka, na akitoka wataacha kumtibu? Daktari akasema atatoka siku yoyote bila kueleza sababu, na hakuna atakayemnyima matibabu mengine kwa hilo. Kisha dada akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka.

"Na nikikufa kabla hamjamaliza?"

Daktari hakutazama chini. "Tutakachokuwa tumejifunza kwako kitabaki, na kitasaidia wengine. Na watu wako tutawaambia ukweli."

Hawakumwacha atie sahihi siku hiyo. Walimpa maelezo kwa Kiswahili aende nayo nyumbani. Aliyasoma Matulo, miwani kwenye pua, mchana baada ya kunywesha ng'ombe, akiniuliza maneno kwa simu. Sikumwambia afanye nini. Nilitaka sana kumwambia. Kisha siku moja akanipigia, akasema tu kwamba ameweka sahihi mbele ya binti yake aliyekuja kumwona, na tupange safari.

Ila kukubali kwake hakukutosha, nao pia walipaswa kumkubali. Vipimo vilionyesha damu yake iko chini ya kiwango. Muuguzi alituambia hawezi kuingia akiwa hivyo, lakini wanaweza kurudia kipimo baada ya muda kidogo, na ikipanda ataingia. Nilihisi kama mlango umefunguliwa ili tuone ndani kisha ukafungwa. Tulimrudisha kwangu Kitale. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, na mke wangu akachukua kazi ya sahani: maini, maharagwe, mboga za sagaa na murenda, chungwa kila baada ya chakula. Dada alisema hajawahi kula hivi hata alipojifungua. Tuliporudi Nairobi damu ilikuwa imepanda. Haikupanda sana. Ilitosha.

Siku ya kuchaguliwa kwake naikumbuka zaidi ya siku zote. Muuguzi alitoka ofisini akatuambia: dada amepangiwa kundi la dawa inayojulikana peke yake. Hatapata ile mpya. Nikasema asante. Nikasema nakwenda kununua maji, nikatoka, nikasimama karibu na mahali pa kuegesha magari, na machozi yakanitoka. Nilikuwa nimeomba kwa wiki nyingi apate ile mpya. Nilijua kazini kwangu jinsi mambo haya yanavyopangwa, nilijua hakuna aliyemnyima, na bado niliona kama amenyimwa.

Alinifuata nje, anachechemea.

"Unalia nini? Nimepewa dawa yenye sikuwa nayo jana."

Nikamwambia nilitaka apate zote mbili.

"Sasa kama hakuna mtu wa kupata hii moja, watajua aje kama hiyo ingine ni mzuri?" Alinishika kiwiko. "Twende ndani, watafikiria nimetoroka."

Alianza siku hiyohiyo. Dawa iliingia kwa dripu, polepole, naye akalala usingizi. Tukawa watu wa kwenda na kurudi. Wakati mwingine nilimpeleka mimi, wakati mwingine binti yake alimpokea Nairobi. Kwenye kiti cha jirani mara nyingi tulimkuta mzee mmoja mchekeshaji ambaye saratani yake ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba. Yeye alikuwa amepata dawa zote mbili, na mwanzoni, naomba nisamehewe, nilikuwa nikimtazama kwa wivu. Baadaye akaacha kuja. Tulipouliza, muuguzi alisema tu kwamba hayuko tena kwenye utafiti, na uso wake ukatuambia yaliyobaki. Sijui kama ilikuwa ni ugonjwa au dawa. Nadhani nao hawakujua. Tulipokuwa tukirudi, karibu na nyumbani, dada alisema angependa kujua jina la kijiji cha mzee yule ili apeleke rambirambi.

Dawa nayo haikuwa ya mchezo. Ilimletea mwasho, kisha uchovu, kisha baridi ya ajabu: jua la Kitale linawaka, yeye amejifunika blanketi. Ilikuwa tezi ya shingo imeathirika, wakampa vidonge vya kila siku, akarudi sawa. Lakini wakati kwaya yao ilipokuwa ikijiandaa kwa sikukuu ya kanisa alianza kuhara, akaficha. Aliogopa wangemzuia kusafiri na kwaya. Binti yake ndiye aliyemwambia muuguzi, na muuguzi alimpigia dada simu akamkemea kama mtoto, kwamba dawa hii ikiamsha kinga kupita kiasi inaweza kugeukia utumbo ikamuua mtu haraka kuliko saratani. Walimlaza, wakasimamisha dawa, wakampa dawa nyingine ya kutuliza kinga. Kwa majuma kadhaa hatukujua kama atarudishwa. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia kwamba anaweza kuacha, kwamba hakuna atakayemlaumu. Akasema anajua, aliambiwa na daktari siku ya kwanza, na ndiyo sababu hataki kuacha: hakuna aliyemfunga.

Alirudishwa. Skani iliyofuata ilionyesha madoa ya mapafu yamepungua, na mengine hayaonekani. Mtoki ulikuwa umelainika mpaka dada mwenyewe hakuupata kwa vidole. Daktari alituambia bila kushangilia. Hakusema amepona. Alisema ugonjwa umetulia, na kwamba kwa watu wengine hutulia muda mrefu, kwa wengine hurudi, na yeye hana njia ya kujua dada yuko kundi gani.

Shemeji hakuwahi kusema alikosea, na mimi sikumngoja aseme. Ila kila siku ya safari huja na pikipiki yake, humpeleka dada mpaka stendi ya Webuye, hungoja basi liondoke. Safari moja alimwuliza kama wale madaktari wanampa chakula cha kutosha huko.

Miaka imekwenda kidogo. Dada sasa huenda kwa uchunguzi tu, mara chache kwa mwaka. Mwaka jana akina mama wa kanisa moja la Bumula walimwalika awaeleze ugonjwa wake. Alikuwa na wasiwasi kwamba hana maneno. Alipofika alivua kiatu, akaonyesha kovu, akawaambia wawatazame waume zao na wazazi wao chini ya miguu na kwenye kucha, na wakiona kitu cheusi kinachobadilika wasikubali kuambiwa ni mwiba mara mbili. Mama mmoja alimwuliza kama hakuogopa kufanyiwa majaribio. Akasema aliogopa sana, lakini alikuwa ameulizwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza tena Nairobi. Skani ilikuwa kama ile ya awali. Kabla hatujatoka dada alimwuliza daktari kama sasa imejulikana, kati ya yale makundi mawili, lipi lilifanya vizuri. Daktari akasema bado, hata yeye hajaonyeshwa, hesabu haifanywi mpaka watu wote wafike mwisho. Huenda ikachukua muda mrefu.

Dada alifikiri kidogo huku akifunga kitambaa chake kichwani.

"Mkijua mniambie," alisema. "Hata kama ni ile ingine ilishinda."

Daktari akaahidi. Tukaagana, tukatoka kutafuta mahali pa kula, kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi na basi letu lilikuwa la mchana.